Kabla hujasema kipa wa Maramba kauza, angalia kusi

NI saa 10:30 jioni, mwezi Julai, Maramba. Mechi ya ndondo imebakiza dakika chache na ubao ni 0-0. Mbuzi wa zawadi kafungwa nyuma ya goli, anatafuna majani wala hana habari na mtu. Watu wamejaa pembeni ya chaki, bodaboda zimepangwa mpaka karibu na kibendera cha kona.

Beki mmoja anabanwa, kama mita 25 tu mbele ya goli lake. Hana wa kumpa pasi. Anabutua juu, ilimradi mpira uondoke. Kipa wa upande wa pili anauona unapanda, anapiga hesabu zake za siku zote, anapaza sauti, "Mwachieni kipa!" Anatoka hatua kadhaa, anasimama, anainua mikono.

Mpira unapita juu yake. Mbali sana juu yake, hata kuruka haruki. Unashuka nyuma ya mgongo wake na kuingia golini.

Kimya cha sekunde moja, halafu uwanja unalipuka. "Kauza! Kipa kauza!"

Mechi hii haina tarehe moja. Imechezwa mara nyingi, na itachezwa tena msimu ukirudi. Mwenye kuzoea viwanja vya ndondo ameshaiona, kama si Maramba basi Daluni, Muheza au Pangani. Kinachofuata pia kinajulikana. Mkoa wa Tanga una sifa zake, na sifa hizo watani hawaziachi zilale: wapo watakaosema kipa kala hela, na wapo watakaosema kamati ya ufundi ya wapinzani ilifanya kazi usiku kucha. Kipa mwenyewe anakwenda nyumbani kichwa chini, na kesho akipita sokoni anaitwa jina jipya. Mji ni mdogo. Jina la aina hiyo linaweza kukaa na mtu miaka, na vijana wengine huvua glovu moja kwa moja kwa sababu ya goli la namna hiyo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi yule kipa hajauza kitu. Alipiga hesabu sahihi ya siku isiyo na upepo.

Kazi mbili kwa wakati mmoja

Mpira ukishaondoka mguuni unafanya kazi mbili, na kazi hizo haziulizani. Kazi ya kwanza ni kupanda na kushuka. Hii inasimamiwa na mvutano wa dunia, ambao kila sekunde unaunyang'anya mpira mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde (kwa usahihi ni 9.8, lakini tuseme 10 hesabu iwe nyepesi). Kazi ya pili ni kwenda mbele. Kama hakuna upepo na tukisahau kidogo ukinzani wa hewa, hii ya mbele haina anayeigusa; mpira unakwenda kwa mwendo uleule mpaka utue.

Galileo, yule Mtaliano, aliyaandika haya kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1638, na ndiyo maana mwanafunzi wa sayansi wa kidato cha tano leo anachora ile njia ya upinde ubaoni. Kipa wa ndondo hakuhitaji ubao. Kajifunza kwa macho tangu akiwa mtoto wa chandimu: mpira ukifika kileleni, ujue umemaliza nusu ya safari. Umbali uliobaki ni sawa na uliokwisha pita.

Hiyo kanuni ya nusu kwa nusu ndiyo inayomlinda kipa miaka yote, na ndiyo hiyohiyo inayomuua siku ya upepo.

Tuweke namba kwenye ule mpira wa beki. Tuseme ameupiga kwa mwendo wa mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, kwa mguu wa mtu mzima si jambo la ajabu. Sehemu ya mwendo huo inakwenda juu, mita 20 kwa sekunde, na sehemu inakwenda mbele, mita 15 kwa sekunde. Kwa mvutano wa dunia, mpira utapanda sekunde 2 na kushuka sekunde 2. Kileleni utakuwa mita 20 juu, jengo la ghorofa sita hivi. Mbele, mita 15 mara sekunde 4, utakwenda mita 60. Basi. Siku ya utulivu unatua mita 15 mbele ya goli, kipa anaudaka kwa raha zake huku anachagua wa kumpa.

Sasa leta kusi mgongoni mwa beki. Tuseme upepo unausukuma mpira kiasi kwamba kila sekunde unauongezea mwendo wa mita 2 kwa sekunde kuelekea mbele. Ni moja ya tano tu ya nguvu ya mvutano wa dunia, kidogo tu ukisikia. Lakini nyongeza hiyo haiji mara moja ikaisha. Inaongezeka juu ya ile ya sekunde iliyopita: mpira ulioanza na 15 unakuwa 17, 19, 21, na unapotua una 23. Ukijumlisha, upepo peke yake umeuongezea mita 16. Mpira wa mita 60 umekuwa wa mita 76.

Muda wake angani lakini haukubadilika. Sekunde 4 zilezile, urefu uleule wa mita 20. Upepo wa mlalo hauna kauli juu ya kupanda na kushuka. Kwa hiyo kipa akiutazama ule mpira juu, kila kitu kinaonekana cha kawaida, na hapo ndo anapoingia mtegoni.

Mita 8 za lawama

Fuata macho ya kipa. Mpira unafika kileleni baada ya sekunde 2. Mpaka hapo umekwenda mbele mita 34: zile 30 zake na 4 za upepo. Kipa mzoefu anazidisha mara mbili, kama alivyofanya maisha yake yote. Anapata 68. Goli lake liko mita 75 kutoka alipopigia beki, kwa hiyo anatoka mita 7 na kusimama pale mpira utakapotua. Ni hatua chache tu nje ya kale kaboksi kadogo, si kwamba kaenda kutembea.

Ila nusu ya pili ya safari hailingani tena na ya kwanza. Nusu ya kwanza ilikuwa mita 34, ya pili ni 42. Tofauti ni mita 8. Mpira unapopita pale kipa aliposimama, bado uko juu zaidi ya mita 6. Hata angekuwa na ngazi. Unashuka nyuma yake na kuvuka mstari wa goli ukiwa na urefu usiofika mita 1 kutoka chini, wakati mwamba wa juu uko mita 2.44.

Mita 8. Hizo ndizo zinazoitwa hela ya muuzaji.

Na usidhani ni makipa tu. Geuza upepo, beki apige dhidi ya kusi. Mpira uleule unafika kileleni ukiwa mita 26, beki wa kati wa wapinzani anaruka kuusubiri kwenye 52, mpira unadondoka mita 44. Umeanguka mbele yake mita 8, straika anaupokea kifuani peke yake, na jukwaa linaanza: "Beki kalala!" Wala hajalala. Kadanganywa na nusu ya kwanza, kama mwenzake.

Kuna njia rahisi ya kuiona picha nzima bila kalamu. Upepo wa kusukuma sawasawa ukichanganyika na mvutano wa dunia, mpira unakuwa kama unavutwa chini kwa mshazari, badala ya wima. Kwa zile namba zetu, mshazari huo ni kama nyuzi 11. Ni sawa na kucheza kwenye uwanja ulioinama nyuzi 11, timu moja inapandisha mlima na nyingine inateremka. Watu wa Maramba, wanaoishi chini ya milima ya Usambara Mashariki, hawahitaji kuelezwa tofauti ya kurusha jiwe kupandisha na kurusha kuteremsha. Macho lakini yanaona nyasi zimelala bapa, hivyo mwili unasahau mteremko upo.

Hata Ulaya yapo

Novemba 2, 2013, Asmir Begović, kipa wa Stoke City, alibutua mpira kutoka kwenye boksi lake dhidi ya Southampton. Mechi ilikuwa na sekunde 13 tu. Mpira ulisafiri na upepo, ukadunda mbele ya Artur Boruc, ukampita juu na kuingia. Guinness walipima mita 91.9 na kuuweka kwenye kitabu chao cha rekodi. Begović hakushangilia. Alijua mwenzake upande wa pili anajisikiaje.

Tim Howard wa Everton alikuwa ameshafanya hivyo Januari 4, 2012 dhidi ya Bolton, upepo ukivuma Goodison Park, na yeye pia hakushangilia. Rekodi ya Begović ikaja kuvunjwa Januari 19, 2021 na Tom King wa Newport County kwa goli kiki iliyotua mbele ya kipa wa Cheltenham, ikadunda na kumpita. Mita 96.01, na upepo ulikuwemo.

Angalia kinachofanana: mipira yote mitatu ilidunda kwanza, halafu ikamruka kipa. Rudi kwenye hesabu yetu ya beki. Siku ya utulivu mpira unatua na mwendo wa mbele wa mita 15 kwa sekunde. Ukisukumwa na upepo unatua na 23. Kipa anautegemea udunde umfuate kifuani, wenyewe unakuja umeshawaka. Uwanja ukiwa mgumu na mkavu, kama vilivyo vingi huku kwetu, mdundo unakuwa mrefu zaidi na hali inakuwa mbaya zaidi.

Makipa hao wa ligi za England wana kocha wa makipa, wana video, wana nyasi zilizokatwa kwa mashine. Wakapitwa. Kijana wa Maramba anayejifunza kudaka kwa kuazima glovu atahukumiwa kwa kipimo gani?

Sarafu ya refa

Wavuvi wa pwani ya Tanga hawaanzi siku bila kujua upepo. Kusi inavuma kuanzia kama Aprili mpaka Septemba au Oktoba, kaskazi inashika zamu kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi. Juu ya hizo kuna upepo wa bahari wa mchana, unaokuja nchi kavu kadiri jua linavyopasha ardhi, na mara nyingi nguvu zake ni za alasiri. Alasiri ndiyo saa ya mpira. Mechi za saa 10 pale Mkwakwani, nyumbani kwa Coastal Union na African Sports, bahari haiko mbali. Maramba iko ndani zaidi, Wilaya ya Mkinga, lakini upepo unaotoka pwani unavuka nchi ya chini mpaka kwenye vilima bila kuombwa.

Mvuvi anasoma upepo kabla ya kushusha ngalawa. Nahodha wa timu ya ndondo anapoitwa katikati na refa, anachagua sarafu kwa mazoea. Wengi wakishinda wanasema "tunaanza na mpira", na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019 aliyeshinda sarafu anaruhusiwa kuchagua hivyo. Siku ya kusi kali, huo ni uchaguzi wa hasara. Mpira wa kuanzia unaupoteza kwa pasi ya tatu, upepo unao dakika 45.

Kuucheza upepo kipindi cha kwanza au cha pili, hilo linabishaniwa na makocha na lina hoja pande zote. Mwenye timu changa yenye pumzi akiutaka kipindi cha kwanza apate goli la mapema, sawa. Lakini upepo wa bahari una tabia ya kupungua jua likishuka, na aliyejiwekea akiba ya kipindi cha pili anaweza kukuta akiba imeliwa.

Kupiga ukipingana nao

Sasa kosa la pili la makipa wetu, na hili ni la kujitakia. Kipa anapiga goli kiki upepo ukimjia usoni. Anaona mpira uliopita haukufika, basi wa pili anaupandisha juu zaidi na kwa nguvu zaidi. Ndivyo moyo unavyomtuma. Ndiyo dawa mbaya kuliko zote.

Upepo unatoza kwa muda, na tozo yake haipandi kwa mstari ulionyooka. Mpira ukikaa angani sekunde 2, kusi yetu inakula mita 4. Ukikaa sekunde 4, inakula 16. Muda mara mbili, hasara mara nne.

Chukua mguu uleule wa mita 25 kwa sekunde. Ukiupiga juu kama yule beki, siku ya utulivu unapata mita 60. Dhidi ya upepo zinabaki 44. Ukiupiga chini, ukapanda mita 5 tu na kukaa angani sekunde 2, siku ya utulivu unapata 46. Dhidi ya upepo zinabaki 42. Mpira wa juu ulikuwa unakupa faida ya mita 14, sasa unakupa 2. Na kwa hizo mbili unawapa wapinzani sekunde mbili nzima za ziada kujipanga chini yake. Wa chini umefika kabla hawajageuka.

Kwa wanaopenda nyuzi: mpira wa kwenda mbali kuliko yote bila upepo ni wa nyuzi 45. Kwa upepo huu mgongoni, pandisha mpaka kama 51. Ukiwa usoni, shusha mpaka kama 39. Kwa kuwa mpira halisi unakinzwa na hewa, piga chini zaidi ya hapo.

Kona nazo zina hesabu yake. Krosi iliyokaa angani sekunde 2 na upepo huo ukitokea ubavuni, inahama mita 4 kutoka ilikolengwa. Nusu ya upana wa goli ni mita 3.66. Mpira uliolengwa nguzo ya karibu huku upepo ukiusukuma kuelekea mstarini unaweza kuishia nyavuni bila mtu kuugusa, na mpigaji akajifanya alikusudia.

Kweli, hesabu zote hizi zimerahisishwa. Upepo wa Maramba hausukumi sawasawa kama mashine, unakuja kwa mafungu, unapoa, unarudi. Mpira wenyewe ukishaanza kukimbia na upepo, msukumo unapungua. Ukikimbia dhidi yake, unaongezeka, kwa hiyo hasara ya kupingana nao kwa kawaida ni kubwa kuliko faida ya kwenda nao. Na kuna uzito. Mpira wa sheria una gramu 410 hadi 450. Mpira wa kuchakaa, uliopungua uzito, upepo unaubeba zaidi kwa nguvu ileile. Chandimu ya mifuko ya plastiki ndiyo usiseme, watoto wanaipiga mbele na inawarudia. Mtoto aliyekulia kwenye chandimu anaujua upepo kuliko aliyeanza na mpira mpya. Akifika timu ya wakubwa ndiyo anaambiwa asahau.

Kwa kipa, marekebisho ni madogo. Wapinzani wakiwa na upepo, anasimama nyuma zaidi ya alivyozoea. Mpira ukifika kileleni haukimbilii ule mwisho anaouona, anabaki karibu na mstari wake, kwa sababu kwenda mbele ukichelewa ni rahisi kuliko kurudi kinyumenyume ukitazama juu. Na kabla ya goli kiki anapima.

Hapo kuna tatizo lingine kabisa. Kipindi cha pili kimeanza katika viwanja hivihivi, timu zimebadilishana magoli, na kipa anataka kujua upepo umebaki kiasi gani. Anainama, anachota vumbi kidogo karibu na nguzo, anaurusha mkono juu na kuangalia vumbi linavyokwenda. Nyuma ya goli, mtu mzima aliyesimama karibu na mbuzi anamwona, anamgeukia mwenzake na kuita kwa sauti ambayo mpaka refa anaisikia:

"Umeona? Umeona lakini? Kamwaga dawa!"